Ngao Iliyovunjwa Kanisani

Majken Östlund alikuwa anakanda unga kama mtu anayempiga mwizi. Ragnhild Bäckman, aliyeacha kazi ya polisi na sasa alipeleleza kwa kukodiwa, alikaa kwenye kigoda kando ya tanuri, kikombe cha kahawa mkononi, akamwacha akande. Mama mwenye jambo lake hasukumwi. Huja mwenyewe.

"Haya, dada Ragnhild. Ni baroni au si baroni?"

"Sijajua bado."

"Wiki nzima hujajua! Huko polisi mlikuwa mnakamata watu vipi?"

"Polepole, kama wewe unavyoumua mkate."

Majken akacheka kwa pua, akaendelea kukanda. Neno lenyewe lilikuwa hili. Binti yake, Tove, hakuwa na kitu duniani ila kipaji cha kuoka na nyumba ndogo ya mbao aliyoachiwa na bibi yake, pale ukingoni mwa ziwa la Sundvik. Mwezi Juni aliingia dukani mwanamume mrefu, mwenye kishimo kidevuni na pete ya muhuri kidole cha mwisho, akanunua skonzi za iliki, akasema anaitwa Baroni Casimir Falkenlo, mzaliwa wa Argentina, amerudi kutafuta nyumba ya mababu. Kufika Agosti Tove alikuwa mchumba wa baroni. Na Jumatatu inayokuja angetia sahihi kuiuza nyumba ya bibi, ili fedha zikagomboe kasri la Falkenlo, ndipo wafunge ndoa.

"Ukoo wa Falkenlo upo kweli," alisema Ragnhild. "Upo na umejaa tele. Nimekwenda maktaba nikasoma kitabu cha koo za makabaila. Tawi moja lilihamia Argentina zamani sana, na tangu hapo kitabu kimenyamaza. Hakimkubali, hakimkani."

"Basi kakidanganya kitabu, si mimi."

"Halafu jana gatini walishuka watalii wa Kihispania. Kawasalimia kwa lugha yao, kawatania, wale wazee wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mtu hajifunzi utani kwenye redio, Majken. Pale nimeyumba kidogo."

Majken akaacha unga. "Mimi sina ugomvi na ubaroni. Siku hizi ubaroni ni jina tu, baroni analipa kodi na kupanga foleni kama mimi. Lakini nikimwona mwanangu anavyocheka akiitwa 'baronesi wangu', anacheka kama mtoto kapewa puto. Kicheko hicho ndicho kinanikosesha usingizi. Nikimwambia kitu, ananiambia, 'Mama, una wivu.' Wivu! Mimi!"

Wazazi wengi hujikwaa hapo, kwa kudhani tapeli huja na mkono wa kuchukua. La. Huja na mkono wa kutoa. Tove alikuwa amepewa jina, na mtu aliyepewa haoni vizuri kuuliza.

"Karamu ya kamba wa mtoni ni Jumamosi, sivyo?" Ragnhild akauliza. "Nialike. Mimi ni rafiki yako wa zamani, napenda kula, nauliza maswali ya kipuuzi."

"Hapo hutahitaji kuigiza," alisema Majken.

*

Jumamosi jua lilikuwa bado juu ya miti wakati meza ilipotandikwa bustanini kwa Majken. Taa za karatasi zenye sura ya mwezi zilining'inia kwenye uzi, na kila mtu alivalishwa kofia ya karatasi na kitambaa kifuani, wakubwa kwa wadogo, kama ilivyo ada kila Agosti. Kamba wekundu walirundikwa kwenye sinia na mashada ya shibiti, jani la kiungo lenye harufu kali. Kabla ya kila kikombe kidogo cha pombe kali watu waliimba, na aliyeimba vibaya zaidi ndiye aliyepigiwa makofi zaidi.

Baroni Casimir aliketi kushoto kwa mwenye nyumba, mahali pa mgeni wa heshima, ambaye ndiye hutoa shukrani mwisho wa chakula. Kofia yake ya karatasi aliivaa kama taji. Ragnhild alikaa mkabala wake, akimenya na kutazama. Aliona jambo moja, akaliweka kando: glasi ya jirani ikipungua, mkono wa baroni uliifuata chupa wenyewe, bila jicho. Aliyelelewa kwa kuhudumiwa husubiri amiminiwe. Huyu alikuwa anamimina. Lakini hilo pekee si ushahidi, pengine ni adabu tu.

"Baroni," aliita fundi bomba wa jirani, mdomo umejaa, "nisogezee chumvi. Au nipige magoti kwanza?"

"Magoti si lazima," alijibu Casimir. "Inama kidogo tu, inatosha."

Meza ikaangua kicheko. Tove akacheka kuliko wote.

"Na huko Argentina mnakula hivi?" Ragnhild aliuliza.

"Huko tunakula ng'ombe, Bi Ragnhild. Ng'ombe mzima. Huyu kamba kwetu ni kitoweo cha paka."

"Wazazi wako wapo huko?"

"Mama yupo. Baba alifariki, tukamleta kumzika huku, kwa mababu zake."

"Pole sana. Kanisa gani?"

Casimir akashusha kisu. "Kanisa dogo la mawe. Unisamehe, jina lake likinijia hunikaba koo."

"Msimulie, mpenzi," Tove alisema, akamshika mkono. "Wasimulie ile ya ngao."

Alikataa mara moja kwa heshima, kisha akasimulia. Na alijua kusimulia, mtu huyu. Mvua ilikuwa inanyesha, alisema. Jeneza liliwekwa chini ya madhabahu. Kanali mzee mwenye glovu nyeupe akaja na ngao ya mbao iliyochorwa nembo ya ukoo, akasimama kimya, akasema maneno machache ya kumuaga marehemu, akaivunja ngao kwa mikono miwili. Mlio wake kanisani ulikuwa kama mfupa. Kipande kimoja kikamponyoka kanali, kikateleza sakafuni mpaka chini ya benchi la mbele. Mchungaji, na joho lake, akapiga magoti akaanza kutambaa akikitafuta.

"Nikacheka na kulia kwa pamoja," alisema Casimir. "Nilikuwa nimesimama kando ya jeneza la baba yangu, nacheka. Ndivyo anavyoagwa baroni kwetu. Kwa kuvunjiwa ngao."

Hakuna aliyetafuna. Fundi bomba alivua kofia yake ya karatasi. Majken mwenyewe alifuta jicho kwa kitambaa kilichonuka shibiti.

Baadaye mlangoni alimvuta Ragnhild mkono. "Je?"

"Majken, uongo hauna mchungaji anayetambaa chini ya benchi. Mtu hatungi kitu kama kile. Yale aliyaona kwa macho yake."

"Kwa hiyo ni kweli."

"Inaelekea kuwa kweli."

Majken alipaswa kufurahi. Badala yake alirudi ndani akaanza kusugua sufuria ambazo zilikuwa safi.

*

Lakini Ragnhild alikuwa na mazoea yake ya kipolisi. Ushahidi aliouamini alikwenda kuuhakiki kuliko ule alioushuku, maana anayekuingia moyoni ndiye huingia na viatu. Jumapili baada ya ibada alipanda ngazi za nyumba iliyo juu ya duka la dawa, kwa Bi Ebba Rosenvret, mwalimu mstaafu wa piano. Kwa kuzaliwa alikuwa baronesi, na katika Sundvik yote hakukuwa na kabaila mwingine wa kuuliza.

"Karibu, kaa, usikalie paka," alisema Bi Ebba. "Wameniambia unapeleleza. Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu, baronesi."

"Baronesi hakai ghorofa ya tatu isiyo na lifti. Niite Ebba. Kahawa?"

Alikuwa mwembamba, macho maangavu, mcheshi, mtu aliyezoea upweke wake akaona haumdhuru. Ragnhild alipokea kahawa na biskuti ya lozi.

"Nataka kujua makabaila huzikwaje, Bi Ebba."

"Kama watu wengine. Wakishakufa."

"Na ngao je? Ile ya kuvunjwa?"

Kikombe cha Bi Ebba kilirudi kwenye kisahani taratibu. "Hiyo umeiona wapi?"

"Nimesimuliwa. Nataka kupima kama msimulizi anasema kweli. Anasema palikuwa na kanali mwenye glovu nyeupe."

"Huwa ni rafiki wa ukoo, ndiyo. Na glovu ndiyo."

"Siku ya mvua. Ngao ikavunjwa kwa mikono miwili. Kipande kimoja kikaponyoka, kikaenda chini ya benchi la mbele, na mchungaji..."

"...akatambaa akikitafuta," Bi Ebba alimalizia, "mpaka suruali ikampasuka nyuma."

Ragnhild akaacha kutafuna. "Hilo la suruali hakulisema."

"Basi ni mtu wa adabu. Ragnhild, hayo ni maziko ya kaka yangu Gustaf. Kanisa letu la hapa hapa Sundvik. Nani kakusimulia?"

"Mwanamume mmoja. Anasema alikuwa anamzika baba yake, Baroni Falkenlo."

Bi Ebba alimtazama. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, paka akashuka kitini kwa hasira.

"Masikini wa Mungu! Basi kajizika mwenyewe."

"Nieleze, maana mimi sijaelewa."

"Ngao haivunjwi kila baroni akifa, mwanangu. Ingekuwa hivyo mafundi seremala wangetajirika. Huvunjwa mara moja tu, ukoo ukiisha. Anapokufa mwanamume wa mwisho. Sisi wanawake tunazaliwa na jina, tunazikwa nalo, lakini haturithishi. Ndivyo walivyopanga wanaume wa zamani, wala usinililie, nimeishi vizuri. Gustaf hakuoa. Alipokufa, Rosenvret ikaisha, ngao ikavunjwa, vipande vikaingia naye kaburini. Pangekuwa na mtoto wa kiume, hata wa kunyonya, aliyebebwa kanisani kwenye kapu, hakuna ambaye angeigusa ngao ile. Ingekuwa yake."

Ragnhild alisema polepole, kama anayehesabu hatua za ngazi gizani. "Akiwapo mtoto wa kiume, ngao haivunjwi. Na ikivunjwa, mtoto wa kiume hayupo."

"Sasa umefuzu."

"Naye anasema alisimama kando ya jeneza la baba yake, ngao ikavunjwa mbele yake."

"Basi aliyesimama pale ni nani?" Bi Ebba akamimina kahawa tena. "Kapenda kitu asichokijua. Kaiba wimbo, hakuuliza maneno yake."

"Hilo ndilo swali langu linalofuata. Kanisani walikuwapo nani?"

"Wachache. Kanali, mchungaji, mimi, wanafunzi wangu wa zamani wa piano. Na wabeba jeneza."

"Ndugu?"

"Ndugu gani? Ukoo usio na wanaume utabebwa na nani? Wa kukodi, wa kampuni ya mazishi. Mmoja mrefu, ana kishimo kidevuni, alilia kuliko mimi. Nikamfuata nikamuuliza, 'Baba, ulimjua kaka yangu?' Akasema, 'Hapana mama. Ila sijapata kuona mtu anaagwa namna hii. Mimi nikifa watanivunjia nini?'" Bi Ebba akafuta makombo ya biskuti mezani. "Nilimpenda kwa neno lile, unajua. Wakati huo huo bosi wake akapiga kelele toka mlangoni, 'Ronny, njoo ushike huku!'"

Ronny. Ragnhild alisimama. Kwenye ngazi, kabla hajafika chini, alikuwa ameshampigia simu mwenzake wa zamani polisi. Jibu lilikuja kabla ya jioni. Ronny Hammarlund, aliyewahi kuwa mhudumu wa hoteli Mallorca, kisiwa cha Uhispania, kisha mbeba jeneza. Na kulikuwa na mama mmoja wa mji wa Norrköping aliyeuza mashua ya marehemu mumewe kwa ajili ya kasri hilo hilo la Falkenlo, na tangu hapo hakumwona tena baroni wake.

Majken alipoambiwa, alivua aproni ili akimbilie kwa bintiye. Ragnhild akamzuia mlangoni.

"Usiende. Ukimwambia wewe, ataambiwa na mama mwenye wivu. Atamkumbatia zaidi, na kesho atatia sahihi kwa hasira. Mwache asikie kutoka kinywa cha mwenyewe."

"Na kama hatasikia?"

"Tove unamjua kuliko mimi. Ni mjinga?"

Majken alifikiri. "Si mjinga. Anapenda tu."

"Basi tunangoja Jumatatu."

*

Dalali wa nyumba aliweka karatasi zake kwenye meza ya barazani, akazikandamiza kwa jiwe la ziwani zisipeperuke. Tove alikuwa ameshika kalamu. Casimir alisimama nyuma yake, mkono begani mwake. Majken alikaa mwisho wa benchi, midomo ameibana. Hapo ndipo Ragnhild alipofika, amemshika mkono Bi Ebba, akamwacha chini ya ngazi za baraza, nyuma ya kichaka cha maua.

"Samahani, Tove. Nina swali dogo kwa baroni, kisha mwendelee."

"Rafiki wa mama na maswali yake," alisema Tove akitabasamu. "Uliza."

"Ile ngao ya baba yako ilivunjwa kweli?"

"Mbele ya macho yangu," alisema Casimir.

"Wewe ni mwanawe wa kumzaa, ndani ya ndoa?"

"Wa pekee."

"Ulisimama wapi?"

"Kando ya jeneza. Nilishasema, Bi Ragnhild."

"Hapa Sweden, si Argentina?"

"Tulimleta huku. Nalo nilishasema."

"Asante. Tove, umemsikia. Sasa kuna mwenzetu anayejua desturi ile kuliko mimi." Akageuka. "Bi Ebba, panda."

Bi Ebba alipanda ngazi moja moja. Alipofika juu hakumtazama dalali wala karatasi.

"Habari za siku nyingi, Ronny," alisema kwa upole.

Mkono ulitoka begani mwa Tove. Ragnhild alikuwa ameona nyuso nyingi wakati wa kazi yake, nyingine hukunjamana, nyingine hukasirika. Huu ulilegea tu, kama wa mtu aliyetua mzigo.

Bi Ebba akamweleza Tove kwa maneno machache: ngao huvunjwa kwa mwanamume wa mwisho, na palipo na mwana wa kiume haivunjwi. Tove alisikiliza bila kupepesa. Kisha akaliuliza yeye mwenyewe, Ragnhild asilazimike.

"Basi kama ilivunjwa, wewe pale ulikuwa nani?"

"Tove, sikiliza..."

"Ulikuwa nani?"

"Mbeba jeneza." Sauti yake ilikuwa nyingine, ya mtaani, na kwa kweli ilimkaa vizuri zaidi. "Ronny. Ronny Hammarlund."

"Na Kihispania?"

"Nilikuwa mhudumu hotelini Mallorca."

"Ulinipenda mimi au ulipenda nyumba?"

"Vyote viwili."

Tove alifunika kalamu kifuniko chake, akaiweka mezani. Machozi yalimtoka lakini sauti haikutetemeka.

"Ungeingia dukani ukasema, mimi Ronny, nabeba majeneza, ningekuuzia skonzi. Pengine ningekupa na moyo. Nyumba hii tungekaa bure, hakuna ambaye angekudai kasri. Wewe ukaniletea mtu asiyekuwapo. Sasa mtu asiyekuwapo ataniolea wapi?"

"Mimi ni yule yule, Tove."

"Yule ulimvunjia ngao mwenyewe, Jumamosi, mbele ya watu wote. Nami nikalia."

Ragnhild alimwambia Ronny kwa utulivu kuwa barabarani kuna gari la polisi linamngoja, na kwamba mama wa Norrköping angependa kusikia habari za mashua yake. Hakukimbia. Alimwinamia Bi Ebba kichwa, kisha akashuka ngazi, akatembea mpaka barabarani mabega yakiwa wima. Hata Majken hakumtupia neno.

Dalali alikohoa. "Sasa, hizi karatasi..."

"Nyumba haiuzwi," alisema Tove. "Lakini umekuja mbali. Kaa, nikuwekee kahawa. Na nyinyi nyote kaeni. Bi Ebba, wewe kaa hapa palipo na jua."

Aliingia jikoni, na mara ikasikika milango ya makabati ya bibi ikifunguliwa na kufungwa kwa kishindo, kilio kidogo katikati, kisha bomba la maji. Ragnhild alitaka kumfuata. Majken akatikisa kichwa.

"Mwache. Analia ndani ya nyumba yake."

Akasema hivyo, akainuka, akashuka peke yake mpaka kwenye gati dogo la mbao. Akakaa ukingoni, akavua viatu na soksi, akatumbukiza miguu ziwani. Walimwona mgongo tu, mpana, mabega yakishuka kidogo kidogo.

Tove alitoka na sinia, macho mekundu, akamwona. "Mama! Maji si baridi hayo?"

"Baridi, mwanangu!" Majken alijibu bila kugeuka. "Njoo nawe uloweke!"